Kalamu iliponidondoka nilisingizia uchovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako, na hasa waandishi wenzangu wa Dar es Salaam, yaliyonipata baada ya miaka 31 ya kukimbizana na habari.

Asubuhi moja, nikiwa nyumbani Tabata, chai ilinimwagikia kifuani ilhali nilikuwa na hakika kwamba kikombe nimekiweka sawasawa mdomoni. Nilipomwita mke wangu, maneno yalitoka mazito kama ya mlevi. Jirani alisema ni upepo mbaya, akashauri nipelekwe kwanza kwa mtu wa kuchua. Mke wangu akakataa katakata, akaita bajaji, na ni kwa uamuzi wake huo nipo hai. Kilikuwa kiharusi. Presha yangu ilikuwa 210 kwa 120.

Ugonjwa huu ulikuwa umeshapiga hodi. Wiki mbili kabla, kalamu ilinidondoka mkutanoni, na nilipofungua daftari jioni nikakuta mistari ya mwisho imeteremka hadi pembeni mwa ukurasa, nikasingizia uchovu. Mimi niliyeandika mara nyingi kwamba kuanzia 140 kwa 90 presha imepanda, na kwamba mara nyingi haioneshi dalili yoyote, sikuwahi kunyoosha mkono wangu nipimwe.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda katika mshipa wa ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya muda usiozidi saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Anayepitishwa kwanza kwa mchuaji hufika hospitali muda huo umekwisha. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hata kwa dakika chache tu, mgonjwa asingojeshwe.

Wanaoniumiza moyo zaidi ni vijana wanaolipwa kwa habari iliyochapwa, ambao siku wasipoandika hawali, na wengi wao hawana bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wahariri wasiwaache vijana hawa nyuma, na kwa kuanzia, kila chumba cha habari kiwe na mashine ya kupimia presha.

Barua hii imenichukua siku tatu, kwa kuwa mkono wa kulia bado unajifunza upya, lakini sikutaka mtu mwingine aniandikie.

Mwandishi wa siku nyingi,
Tabata, Dar es Salaam