Barua kwa mjomba mwenye mizabibu

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiona picha ya kreti za zabibu chini ya mti, na maneno yako: "Siku ya tatu hii, gari halijaja." Nilikosa cha kujibu. Leo naandika hadharani, maana huko Dodoma si wewe peke yako unayesubiri gari la mnunuzi wa zabibu.

Uliniuliza hawa Wafaransa wa shampeni huwa wanamuuzia nani. Mwezi wa tisa nilikwenda kuvuna kwenye bonde la mto Marne, magharibi mwa mji wa Épernay, katika mkoa wa Champagne unakotoka mvinyo huo wa povu, na jibu ni kwamba wengi wanauza kama wewe. Karibu asilimia 90 ya mizabibu ya Champagne ni ya wakulima, lakini majina unayoyaona kwenye matangazo ni ya makampuni yanayonunua zabibu zao. Mwaka 1911 uvumilivu uliisha. Mavuno yalikuwa yameharibika mfululizo, na huku baadhi ya wafanyabiashara wakiagiza zabibu za bei rahisi kutoka mikoa mingine. Wakulima wakaingia mji wa Aÿ, wakavunja maghala, wakamwaga mvinyo barabarani na kuchoma majengo. Ikabidi jeshi lije.

Mzee niliyemvunia hauzi hata kichala, anatengeneza mvinyo wake mwenyewe. Kule sheria inataka zabibu zivunwe kwa mkono, kwa hiyo mkasi na maumivu ya mgongo ni vilevile vya Dodoma. Zabibu zake nyingi ni za aina ya Meunier, yaani "msaga nafaka", kwa sababu upande wa chini wa jani una vinyweleo vyeupe kama umepakwa unga. Tunda lenyewe ni jeusi, mjomba, lakini wanalikamua taratibu mno hadi maji yanatoka meupe. Kilo 4,000 hazikamuliwi zaidi ya lita 2,550. Najua wewe ungesema wanatupa mali.

Povu linatoka ndani ya chupa yenyewe. Mvinyo ukishachachuka mara ya kwanza, unatiwa chupani na sukari na hamira kidogo, unafungwa, unachachuka tena, na hewa inakosa pa kutokea. Chupa zinalala gizani miezi 15 kwa uchache. Za mzee huyu nyingine zina miaka mitano. Kisha zinainamishwa, zinazungushwa kidogo kidogo hadi mashapo yote yashuke shingoni. Shingo inagandishwa, kifuniko kinafunguliwa, na kipande cha barafu chenye mashapo kinaruka nje. Alinipa nijaribu moja. Nililowa hadi kifuani.

Sasa ladha. Kampuni kubwa inachanganya zabibu za vijiji vingi na mvinyo wa miaka tofauti ili chupa ya leo ifanane na ya mwakani. Ni kazi ya ustadi, siidharau. Mkulima mdogo hana vijiji vingi. Ana mteremko wake na mvua ya mwaka ule. Ya mzee ilikuwa na harufu ya tofaa lililoiva na mkate unaotoka tanuri. Jumapili nikanywa nyingine ya Avize, kusini mwa Épernay, ambako mizizi imezama kwenye mwamba wa chaki na zabibu ni za aina ya Chardonnay: kali kama ndimu, na mwishoni kama umelamba jiwe lililonyeshewa. Zote mbili zinaitwa shampeni!

Kuwatambua wakulima wanaojitengenezea shampeni si kazi. Kwenye lebo, kwa maandishi madogo yanayotaka miwani, tafuta RM. Maana yake aliyelima ndiye aliyetengeneza. NM ni mfanyabiashara anayeruhusiwa kununua zabibu, CM ni ushirika. Bei ikikutisha, kuna crémant, mvinyo wa povu wa mikoa mingine ya Ufaransa kama Alsace, Loire au Limoux; nayo huchachuka chupani, na wakulima wadogo wanaitengeneza vilevile.

Chupa moja ya mzee inakuja na mgeni wa Desemba. Usiiweke kwenye friza, na watoto wasiitikise. Waya wa kizibo unafunguka kwa nusu mizunguko sita. Kisha shika kizibo kwa nguvu, uzungushe chupa. Ikifunguka vizuri haitoi mlio, inapumua tu. Bibi ataona amepunjwa sherehe, lakini mmimie yeye kwanza. Chupa tupu usiitupe, nataka uisome ile lebo ukiwa umevaa miwani.

Mpwa wako