Mheshimiwa, hayo maji ya moto yatakwenda wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Malindi, mwendo mfupi tu kutoka Uyombo, ambako kinu cha kwanza cha nyuklia nchini kilikuwa kijengwe. Wakazi waliandamana mwaka 2024, na sasa mpango umeelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Wengi hapa walishusha pumzi. Mimi moyo haujatulia. Mamangu alitulea kwa kazi ya mama karanga, akikaanga samaki jioni, na huko Siaya wako kina mama kama yeye, riziki yao ni omena na ngege.

Nimefundisha fizikia miaka mingi, kwa hiyo sina hadithi za mabomu. Umeme nautaka. Kinu hakitoi moshi, hakingoji mvua kama mabwawa ya Tana. Lakini kazi yake hasa ni kuchemsha maji: atomu za urani hupasuka, joto lake hufanya mvuke, mvuke huzungusha tabo, yaani gurudumu linaloendesha jenereta. Katika joto hilo, thuluthi moja hivi ndiyo hugeuka umeme. Zilizobaki lazima zitupwe. Kinu cha megawati 1,000, kiwango kilichotajwa tangu enzi za Uyombo, hutupa joto la megawati 2,000 hivi, usiku na mchana.

Litatupwa wapi? Kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua likija hufagia hadi ndani ya hori ya Mida. Ziwa halina bamvua. Ghuba ya Winam, ambayo Siaya imepakana nayo, ina kina kifupi na magugu maji yameshaisonga. Maji yakipata joto hupungukiwa na oksijeni, na samaki ndiye wa kwanza kujua.

Tena bomba linalovuta maji huvuta na samaki. Kinu cha Pickering kule Kanada, ukingoni mwa Ziwa Ontario, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1971. Ilipofika 2009 ndipo ukatandazwa wavu mkubwa mbele ya mlango wa maji kupunguza samaki wanaokufa. Miaka 38! Na Ontario ina kina cha wastani cha mita 86. Viktoria ni mita 40.

Basi tueleze, kabla ya jiwe la msingi: maji ya ziwa yatapita kinuni na kurudishwa yakiwa na moto, au mtajenga minara ya kupozea, ambayo ni ghali zaidi na maji yake mengi hupotea kwa mvuke? Na mafuta ya kinu, yaani urani iliyokwisha kutumika, yanayokaa majini miaka kadhaa yakipoa, yatahifadhiwa wapi baadaye?

Katika kikao kimoja huku kwetu tuligawiwa karatasi za Kiingereza. Jirani yangu, mvuvi wa miaka 40, aliikunja yake akaitia mfukoni bila kuisoma. Ukinijibu, Mheshimiwa, naomba jibu hilo liandikwe kwanza kwa Dholuo, lisomwe mwaloni, mbele ya wavuvi na kina mama wa omena. Sisi wa Malindi tutasubiri tafsiri.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Malindi