Kwako uliyesema mbegu za zamani ziko salama benki

Ndugu yangu,

Tangu uniandikie kwamba msimu ujao hupandi tena mpunga wa mlimani uliorithi, kwa sababu "mbegu hizo zimeshahifadhiwa benki", sijatulia. Nimeona nikujibu hadharani, maana najua si wewe peke yako unayewaza hivyo.

Benki za mbegu, yale maghala ya baridi yanayotunza mbegu kwa miaka mingi, sizibezi hata kidogo. Ile ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, kule Los Baños, Ufilipino, ina sampuli zaidi ya 130,000. Wakambodia walipotoka kwenye utawala wa kikatili wa Khmer Rouge, miaka ya 1970, aina nyingi za mpunga wao zilikuwa zimepotea mashambani, na miaka ya 1980 mamia ya aina hizo yalirudi kwao kutoka huko. Bila benki yasingerudi.

Lakini mbegu iliyolala kwenye baridi haijui kwamba mvua siku hizi zinachelewa. Ya shambani inajua, kwa sababu kila msimu iliyoshindwa haizai na iliyostahimili ndiyo inayochaguliwa. Na mpunga wa mlimani hauna jaruba la kuushikia maji. Unaishi kwa mvua tu. Ndiyo maana wakulima wake hawategemei aina moja. Mwanaanthropolojia Harold Conklin, aliyeandika mwaka 1957 juu ya Wahanunóo, wakulima wa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, alikuta wanatofautisha aina zaidi ya 90 za mpunga. Hayo si mapambo. Aina za mapema huvunja njaa wakati za muda mrefu bado mbichi, na ukame ukiikuta moja imechanua, nyingine bado haijafika huko.

Kinachoniuma zaidi ni jicho litakalopotea. Unakumbuka jinsi mpunga unavyovunwa kwa kile kisu kidogo cha kiganjani, suke moja moja? Watu huona ni kupoteza muda. Mimi naona kila suke linakaguliwa: hili limejaa, lile lina mapepe, hili bua lake halikulala kwa upepo. Yaliyo bora yanatengwa kabla mtu hajafikiria chakula. Na kwa kuwa ua la mpunga kwa kawaida hujichavusha lenyewe, suke ulilolichagua leo litazaa watoto wanaofanana nalo. Jaribu hivyo kwa mbegu chotara uone shamba litakavyochanganyikana.

Waiban, watu wa Sarawak kule Malaysia, wameliweka jambo hili mahali pazito kuliko kilimo. Kila familia ina mpunga wake mtakatifu, padi pun, unaopandwa kila mwaka na kurithishwa. Na kule Suriname, Amerika ya Kusini, Wasaramaka, wazao wa watumwa waliotoroka mashambani, wanasimulia kwamba bibi yao Paanza alikimbilia msituni akiwa ameficha punje za mpunga kwenye nywele zake. Hadi leo kuna mpunga unaoitwa kwa jina lake. Nikisoma habari hiyo huwa nasimama kidogo. Mtu anakimbiza roho yake, na bado anakumbuka mbegu!

Sikuambii usipande aina mpya. Panda, una watoto wa kulisha. Ninachokuomba ni pembe moja ya shamba kwa zile za zamani, kila aina peke yake, isichanganywe wakati wa kupura. Na kabla ya hapo kaa na mama mkubwa umwulize majina ya aina hizo zote, ipi inapenda mteremko mkavu, ipi ipandwe kwanza, kwa nini masuke ya mbegu hutundikwa juu ya moshi wa jiko. Andika hata kwenye daftari la mtoto.

Ila usiziache ghalani ukisubiri nafasi. Kwenye joto na unyevu, uhai wa mbegu ya mpunga huisha baada ya misimu michache tu. Kama mwaka huu kweli huna nguvu, nitumie kibaba kimoja cha kila aina kabla mvua hazijaanza. Nitazipanda mimi, na mavuno yake ya kwanza nitakurudishia.

Nduguyo