Pampu ya pili haikuletei lita mara mbili

Forester ya turbo ilifika gereji kwetu ikiwa na pampu mbili za petroli, moja ndani ya tenki, nyingine imefungwa chini ya bodi kwenye paipu ileile. Mwenyewe aliambiwa petroli itakuja mara mbili. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, likianza kupanda Kitonga linakata nguvu, na huko chini pampu inalia kama nyuki ndani ya kopo.

Pampu zikifuatana hivyo, petroli yote inayopita hii ndiyo inayopita ile. Ya nyuma haina lita zake. Kinachojumlishwa ni presha. Nozeli zikitaka bar 4, kila pampu inabeba kama 2, na pampu ya umeme ikipunguziwa mzigo hutoa petroli zaidi kidogo. Faida hiyo utaiona turbo inapojaza hewa kwenye injini, presha ikiwa juu. Ukitaka lita zenyewe zijumlike, zifungwe sambamba, kila moja ivute yenyewe kutoka tenki na iwe na valvu ya kuzuia petroli kurudi.

Noah za D4, zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilitoka kiwandani na pampu mbili zinazofuatana, ila pale ya tenki kazi yake ni kuilisha ile ya kwenye injini tu, basi.

Kwenye Forester, tulichomoa paipu ya kurudishia petroli tukaiweka kwenye dumu lenye alama, tukaiwasha pampu ya tenki peke yake kwa sekunde 30. Imeandikwa lita 255 kwa saa, kwa hiyo tulitegemea lita 2 na kidogo. Haikufika hata moja. Tukapima umeme: betri volti 12.4, kwenye pampu 10.5, yaani umeme ulikuwa unapotea njiani kwenye waya. Pampu ya nje ilikuwa inanyonya kupitia mwenzake aliyechoka, petroli inageuka mvuke njiani, na mvuke hausukumiki. Isitoshe, petroli ndiyo inayoipooza pampu. Ile ya nje ingeungua tu.

Tulibadilisha pampu ya tenki na chujio lake, tukavuta waya mnene wenye rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme), ya nje tukamrudishia mwenyewe kwenye mfuko.

Kabla hujanunua pampu ya pili, lete gari tulipime. Ni kazi ya nusu saa, ila tenki liwe na petroli walau robo.