Jedwali la waandishi wa Agano la Kale limefuta masharti yake

Mhariri,

Jedwali mlilochapisha katika ukurasa wa dini, lenye safu ya "kitabu" na safu ya "mwandishi", ni rahisi kusoma kupita kiasi: Musa vitabu vitano, Daudi Zaburi, Sulemani Mithali, Yeremia Wafalme na Maombolezo. Orodha hiyo haikubuniwa jana. Shina lake limo katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, sehemu iitwayo Baba Bathra, karatasi ya 14 na 15. Tatizo ni kwamba marabi walioitoa waliiwekea masharti, na masharti hayo ninyi mmeyafuta.

Walisema Musa aliandika Torati, yaani vile vitabu vitano vya kwanza, kisha wakaulizana palepale: aliandikaje kwamba "Musa akafa"? Rai moja ikazikabidhi aya 8 za mwisho za Kumbukumbu la Torati (34:5-12) kwa Yoshua. Walisema Samweli aliandika kitabu chake, lakini Samweli anafariki katika 1 Samweli 25:1 na habari zinaendelea, hivyo wakaongeza Gadi na Nathani kuwa wamaliziaji. Zaburi walimpa Daudi pamoja na wazee 10. Isaya na Mithali waliwapa Hezekia na watu wake. Katika karne ya 12 mfasiri Abraham Ibn Ezra alinong'ona kwa mafumbo kuhusu aya nyingine zisizomkaa Musa vizuri, mojawapo ikiwa Mwanzo 12:6, isemayo kwamba Wakanaani walikuwako katika nchi wakati ule. Anayeandika hivyo yumo katika zama ambazo hawako tena.

Vitabu vyenyewe havifichi jambo hili. Torati inasema Musa aliandika baadhi ya mambo: sheria (Kutoka 24:4), vituo vya safari (Hesabu 33:2), wimbo (Kumbukumbu la Torati 31:22). Haisemi kwamba aliandika yote. Hesabu 21:14 inanukuu Kitabu cha Vita vya BWANA. Yoshua 10:13 na 2 Samweli 1:18 zinataja Kitabu cha Yashari. Mwandishi wa Wafalme humwelekeza msomaji mara kwa mara kwenye kumbukumbu za wafalme wa Israeli na wa Yuda. Hivyo vyote vimepotea. Mithali 25:1 inakiri kwamba mithali zinazofuata zilinakiliwa na watu wa Hezekia, sura ya 30 ni ya Aguri, na ya 31 ni ya mfalme Lemueli.

Anayetaka kuona kwa macho yake mshono wa masimulizi mawili yaliyounganishwa kuwa moja achukue penseli mbili za rangi na Mwanzo 6 hadi 9. Rangi ya kwanza aiweke penye jozi moja ya kila mnyama (6:19-20), siku 150 (7:24), na tarehe kamili: mwezi wa 2 siku ya 17 maji yanaanza, mwezi wa 7 siku ya 17 safina inatua. Hapo jina ni Mungu. Rangi ya pili aiweke penye wanyama safi saba saba (7:2), mvua ya siku 40, kunguru na njiwa, na dhabihu ya Nuhu (8:20). Hapo jina ni BWANA. Kila rangi ikisomwa peke yake inatoa hadithi inayokaribia kukamilika. Dhabihu nayo inaeleza tofauti ya hesabu: anayesimulia kwamba Nuhu alichinja lazima awe na wanyama safi wa ziada, la sivyo jinsi hiyo ingeishia madhabahuni. Msimulizi wa rangi ya kwanza hana dhabihu yoyote kabla ya Sinai, kwa hiyo jozi moja inamtosha.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakishajifunza kigezo cha jina, yaani kutenganisha masimulizi kwa kuangalia kama yanasema Mungu au BWANA, hukitumia kama panga. Tabibu Mfaransa Jean Astruc alikitumia mwaka 1753 kwa kitabu cha Mwanzo, na huko kinasaidia. Lakini Mwanzo 7:16 ina majina yote mawili ndani ya aya moja. Baada ya Kutoka 6:3, ambapo Mungu anamfunulia Musa jina lake, msimulizi aliyekuwa akilikwepa naye huanza kulitumia, na kigezo kinaisha nguvu. Tena wahariri wa kale waliweza kubadili jina: linganisheni Zaburi ya 14 na ya 53, zaburi ileile, moja ikisema BWANA na nyingine Mungu. Jina pekee halithibitishi kitu. Linalothibitisha ni jina, hesabu, mpangilio wa matukio na msamiati vikianguka upande mmoja kwa pamoja. Hata mgawanyo wa Torati katika vyanzo vinne, ulioenezwa na mtaalamu wa Biblia Mjerumani Julius Wellhausen kuanzia 1878, leo unapingwa kwa sehemu. Wengi wanakubali kundi la kikuhani, yaani maandishi yenye mtazamo wa makuhani, na kundi la Kumbukumbu la Torati. Chanzo kiitwacho E, kutokana na Elohimu, neno la Kiebrania la Mungu, ndicho kinachotiliwa shaka zaidi.

Zaburi ni mkusanyo wa vitabu 5, vikianzia zaburi ya 1, 42, 73, 90 na 107. Zaburi 72:20 inatangaza kwamba maombi ya Daudi yamekwisha, na bado zaburi zenye jina lake zinatokea mbele. Ya 137 inakumbuka mito ya Babeli, karne kadhaa baada ya Daudi.

Magombo ya Qumran, maandishi ya kale yaliyopatikana kuanzia 1947 katika mapango karibu na Bahari ya Chumvi, yameonyesha kwamba hata baada ya kitabu kupata umbo, nakala hazikuwa sawa. Yeremia ya tafsiri ya kale ya Kiyunani ni fupi kuliko ile ya Kiebrania kwa takriban sehemu moja ya nane, na mpangilio wake ni tofauti. Zamani mtafsiri ndiye aliyelaumiwa. Kisha vipande vya Kiebrania vyenye umbo hilo fupi vikapatikana pangoni.

Kosa jingine dogo: mmeandika kwamba Wayahudi wana "vitabu vichache". Vitabu 24 vyao ndivyo 39 vya Waprotestanti. Samweli, Wafalme na Mambo ya Nyakati kila kimoja ni kitabu kimoja, Ezra na Nehemia ni kimoja, na manabii wadogo 12 ni gombo moja. Danieli hayumo kati ya Manabii bali katika Maandiko, sehemu ya tatu na ya mwisho ya Biblia ya Kiyahudi, na kitabu cha mwisho kwa kawaida ni Mambo ya Nyakati.

Mkilichapa tena jedwali hilo, ondoeni safu ya "mwandishi" na wekeni tatu: kitabu chenyewe kinasema nini, mapokeo yanasema nini, na maandishi yanaonyesha nini. Kwa Isaya, ya kwanza itasema maono ya Isaya mwana wa Amozi (1:1); ya pili, Hezekia na watu wake; ya tatu, kwamba sura ya 36 hadi 39 zinafanana sana na 2 Wafalme 18 hadi 20, na kwamba kuanzia sura ya 40 wasikilizaji wamo uhamishoni Babeli na Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeiteka Babeli mwaka 539 K.K., anatajwa kwa jina. Kwa Ruthu na Esta, safu ya kwanza itabaki wazi.

Msomaji wenu