Chupa niliyokuwekea

Swahibu yangu,

Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unauliza kama bado nashikilia kwamba divai ya kilimo hai ni siki iliyopewa cheti. Basi, nimeufyata. Chupa iliyonifunga mdomo iko mezani hapa, imebaki robo, na ya pili nimekuwekea wewe.

Ni nyekundu ya zabibu ziitwazo Pinot Noir, ya shamba la familia: baba, binti zake wawili na mkwe mmoja. Nilipoimimina mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa maji. Mimi na wewe tumezoea nyekundu nzito, nyeusi kama wino. Hii niliinamisha glasi juu ya gazeti, nikasoma maandishi kupitia ndani yake! Kumbe zabibu hiyo ganda lake ni jembamba, na rangi ya divai nyekundu hutoka kwenye maganda. Maji yake yenyewe karibu hayana rangi. Maganda yakilowekwa mno, ule ukakasi unaokausha ulimi nao unazidi. Hawa wamejua pa kukomea.

Kosa la mwanzo lilikuwa langu. Niliinywa mchana wa jua kali, ikiwa na joto la chumba, ikanipiga puani kwa kileo tu, nikaanza kuwasema wenye shamba. Kesho yake nikaiweka kwenye friji hadi ikashuka kufika nyuzi 15 hivi. Ilikuwa divai nyingine kabisa. Kwanza cheri, halafu udongo uliolowa, na kwa mbali majani makavu. Ukakasi upo, lakini unapita bila kukwaruza. Nilikuwa nimeshameza, bado naionja.

Sasa hilo neno "hai". Mimi nilidhani hawapulizi chochote. Wangepata wapi zabibu? Mizabibu hushikwa na ukungu upesi, kwa hiyo wanapuliza salfa, pamoja na mrututu uliochanganywa na chokaa. Walichokatazwa ni dawa za viwandani, zikiwemo za kuua magugu. Magugu yanakwenda kwa jembe. Na mrututu wenyewe una shaba, na shaba haiozi, inajilimbikiza udongoni, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Mvua zikizidi, mkulima anabaki kuzihesabu kilo zake huku akitazama mawingu. Hata salfaiti wanazotia kuihifadhi divai zina mpaka: miligramu 100 kwa lita kwa nyekundu kavu, yaani isiyo na utamu, wakati wasio wa kilimo hai wanaruhusiwa 150.

Familia naielewa zaidi nikifikiria ile miaka 3 ya kugeuza shamba liwe la kilimo hai. Unafuata masharti yote, gharama zote, na zabibu bado huruhusiwi kuziita hai. Mwajiriwa angeshaacha kazi. Anayevumilia ni yule anayejua mzabibu huo atamwachia mwanawe.

Lakini usinielewe vibaya, cheti hakitengenezi ladha. Wiki hiyohiyo nimeonja nyingine yenye cheti, inanuka zizi la farasi. Nimeimwaga.

Yako isimamishe wima siku nzima kabla ya kuifungua, maana ina mashapo chini. Mimina taratibu, na tone la mwisho liache. Bakiza nusu glasi hadi kesho yake. Na tafadhali, usimpe yule ndugu yako anayetia barafu kila kitu.

Ukishaonja niandikie kabla hujasoma nyuma ya chupa. Wameandika harufu na ladha zilizomo, na mimi nilisoma kabla ya kunusa. Sijui hata ile cheri niliisikia puani au niliisoma.

Wako,
yule wa siki