Mbu wa kwenye chupa

Muheza, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua za vuli zimeanza na mbu wanatutafuna. Hao hao mbu ndio walionishikisha kalamu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifundisha maisha ya mbu? Yai, lava, pupa, mbu kamili. Tunachora ubaoni, watoto wanakariri, mtihani wanafaulu. Mwezi uliopita nilipomaliza kusahihisha madaftari, karibu yote vema tupu, nikawauliza darasa la nne: hawa mbu wa hapa shuleni wanatoka wapi? Wakaitika kwa pamoja, "Kwenye majani!" Iliniuma, shoga. Mchoro wanao, lakini mbu wa daftarini na mbu anayewauma usiku kwao ni wadudu wawili tofauti.

Sikubishana nao. Tulikata shingo chupa tatu za maji. Ya kwanza tukatia majani mabichi, tukaifunga kwa kipande cha chandarua chakavu. Ya pili na ya tatu tukatia maji ya dimbwi tuliyoyachuja kwa kanga. Moja tukaifunga, nyingine tukaiacha wazi. Kabla ya kuzipeleka chini ya mwembe, kila kikundi kiliandika kitatokea nini na kwa sababu gani. Hapo usiparuke hata kama kipindi kinaisha. Mtoto akishabashiri, jambo linakuwa lake. Kila asubuhi walikuwa wanakimbilia chupa kabla ya kengele.

Siku ya 5 viluwiluwi, ndio lava wale wa ubaoni, walionekana kwenye ile ya wazi peke yake. Hapo hapo tukaifunga, tusije tukafuga mbu. Wakawatazama kwa lenzi: vichwa chini, mikia imegusa uso wa maji. Mmoja akauliza wanafuata nini huko juu. Nilinyamaza, nikadondosha mafuta ya kula kidogo. Viluwiluwi wakahangaika, mwishowe wakatulia tuli. Binti wa nyuma kabisa, yule asiyenyoosha mkono mwaka mzima, akapaza sauti: "Mwalimu, walikuwa wanapumulia mkia!"

Kesho yake mwingine akaleta kopo la maji ya shamba la mpunga, viluwiluwi wake wamelala sambamba na uso wa maji. Nikawaambia hao ni anofelesi, wa malaria, hawana mrija wa kupumulia. Wanaoning'inia ni kuleksi, wanaotuletea matende na mabusha huku pwani. Waliyashika maneno hayo kwa kuyasikia mara moja tu.

Watoto 87 wana makelele, sikufichi, na nimechelewa mada mbili. Sijutii.

Sasa nina ombi. Tega chupa huko Makete, uhesabu siku tangu viluwiluwi waonekane hadi mbu kamili. Chupa nyingine tuliyotega hapa baadaye ilichukua siku 9. Darasa langu limegawanyika: wengine wanasema baridi ya kwenu itawachelewesha, wengine wanashikilia kuwa mbu ni mbu tu. Wameyaandika yote na wananiuliza kila siku kama barua yako imefika.

Wako,
Shoga yako wa Muheza